Padri wa Ibra na Mbuzi Aliyechinjwa Mapema

Nyinyi vijana mnaoingia ualimu leo, mnaokuta darasa lina kiyoyozi na ubao unaowaka wenyewe, kaeni nikusimulieni. Mimi nina diploma ya ualimu. Naitaja mwanzo ili tuimalize, kwani mtu asiyeitaja mwanzo huitaja kila akivuta pumzi, na wako wenzangu wa namna hiyo. Niliipata Misri, baada ya kutoka Unguja sina kitu ila shati nililovaa. Mchana nikisoma, jioni nikiosha sahani mkahawani, na sahani zangu ziking'ara kuliko vyeti vya watu wengi ninaowajua. Hakuna aliyenishika mkono. Nilipoletwa Ibra, mji wa bara ya Omani, miaka ya sabini, nchi ilikuwa ikifungua skuli kwa pupa, na mtaa mzima ule mwenye karatasi ya ualimu yenye mhuri nilikuwa mimi.

Skuli yenyewe ilikuwa mahema. Upepo ukija, somo la hesabu likihamia hema la jirani pamoja na turubai. Chaki zilikauka kwa joto zikawa unga, mpaka nikagundua kuwa ukiichovya chaki majini kidogo kabla ya kuandika, herufi hutoka nzito na vumbi halikuingii puani. Jambo hili halimo katika kitabu chochote cha ualimu. Nimelifundisha Ibra, nimelifundisha Sur, na sasa nasikia kuna watu wanasema wao ndio walioligundua.

Miaka ya themanini nilikuwa mkaguzi Nizwa. Siku moja nilikwenda Manah kumkagua kijana mwenye shahada ya chuo kikuu. Shahada, si diploma. Akauliza swali, na kabla mwanafunzi yeyote hajameza mate akalijibu mwenyewe, akajipongeza, akaenda swali la pili. Darasa zima limekaa limestarehe kama watu wanaotazama mpira. Baada ya somo nikamuuliza, "Mwanangu, wewe unasoma darasa la ngapi hapa?"

"Mimi ni mwalimu, Ustadh."

"Naona wewe ndiye unayejibu maswali."

Nikamfundisha kungoja. Uliza, kisha nyamaza. Kimya kikikuuma, kiache kiwaume na wao; wao ni wengi, watashindwa kwanza. Kijana akaandika, akanisifu kwamba diploma za zamani zilikuwa na mambo. Nilimshukuru, wala sikumkatiza. Lakini nyinyi nakwambieni: kungoja sikukupata kwenye diploma. Nilifundishwa Ibra na padri.

Mmeshtuka. Ndivyo walivyoshtuka na watu wa Ibra.

Aliitwa Mista Tobin, Mmarekani, mrefu, kichwa kimeng'ara, amefiwa na mke. Aliletwa kwa mkataba kuwafundisha ualimu vijana wa pale pale Ibra, ili wakimaliza mwaka wawe walimu wa kwanza waliozaliwa katika mitaa ile. Mimi nilikuwa msaidizi wake na mkalimani wake. Kwao alikuwa kiongozi wa kanisa, na kando ya kanisa ameanzisha skuli ya watu wa viwandani. Kanisa lenyewe ni la watu wanaoitwa Wayunitari. Nilimuuliza ndio nini, akaniambia ni watu wanaosema Mungu ni mmoja, si watatu, na kwamba Isa alikuwa mtu. "Basi tofauti yenu na sisi ni nini?" nikamuuliza. Akacheka. "Sisi tuna mikutano mingi zaidi," akasema.

Mkalimani mzuri, wanangu, hafanyi kazi ya bomba linalopitisha kila kinachoingia. Anachuja. Siku ya kwanza alipopelekwa kwa Sheikh Nasor, mkubwa wa mtaa, mzee aliyezaliwa Ibra na hakuiacha ila kwenda hija, Tobin alisema, "Nimekuwa padri miaka mingi." Mimi nikatia Kiarabu: "Amekuwa mwalimu wa dini kwao." Sheikh akafurahi, akamsogezea halua. Nikajipongeza moyoni. Nani mwengine angeweza?

Jioni, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa na darasa la watu wazima. Hapo ndipo nilipomwita Ammi Mbarak, fundi wa majambia, aje ubaoni aandike jina lake. Akasimama, akaitazama chaki, akamtazama kijana aliyekaa mstari wa nyuma, akachukua bakora yake akatoka. Nusu ya darasa ikamfuata. Yule kijana wa nyuma alikuwa mkwewe. Diploma yangu haikuwa na somo la wakwe. Tobin hakunilaumu. Siku ya pili akaleta vibao vidogo, kila mtu kibao chake, akatangaza kuwa ubao mkubwa ni wa mwalimu tu na hakuna mwengine atakayeukaribia. Kila mtu akaandika magotini pake, mwalimu akapita nyuma yake, akanong'ona, akaenda. Ammi Mbarak akarudi akasema alikuwa na udhuru. Basi shikeni hilo: mtu mzima haogopi kutojua, anaogopa ni nani aliyekaa nyuma yake.

Lakini kichekesho kikubwa kilikuwa lugha. Tobin alitaka kujua Kiarabu. Nikamwambia mimi nipo, ya nini kujisumbua. Hakusikia. Jirani yake alikuwa Bi Shinuna, mjane mkongwe aliyerudi kutoka Unguja, ambaye akimpelekea mandazi kila asubuhi, wala haogopi mwanamume yeyote, wa dini yoyote. Akikaa kizingitini pake anachambua mchele, Tobin naye kakaa barazani kwake na miwani yake, wanasomeshana wanapiga kelele kuvuka njia. Miezi ikapita. Mimi nilikuwa na shughuli, sikuuliza.

Ilipofika Idi tukaenda sabla, yaani ule ukumbi wa wanaume ambapo mtaa mzima hukutana kwa kahawa na maneno. Tobin akainama mbele ya Sheikh Nasor, akasema wazi, kwa lafudhi ya Mkunazini ya Unguja khasa: "Shikamoo, Sheikh. Umeamkaje? Watu wa nyumbani hawajambo?"

Nusu ya sabla, watu wa Unguja na Pemba, kahawa ikawapanda puani. Nusu ya pili, watu ambao hawajapata kutoka Ibra, wakatazamana. Sheikh Nasor akanigeukia. "Anasema nini huyu, Salum? Kiingereza?"

"Ni lugha ya Zinjibari, Sheikh. Amedhani ni Kiarabu."

Sheikh akafikiri. "Muda wote huu amekuwa akiisoma?"

"Kila asubuhi."

"Mwambie ameisoma vizuri," akasema Sheikh, "maana mimi sikufahamu hata neno moja, kama nisivyokufahamuni nyinyi mkiisema."

Nilimwendea Bi Shinuna. "Bibi, kwa nini umemfanyia hivi mgeni wetu?"

"Nimemfanya nini? Aliniambia anataka lugha ya hapa. Hapa nyumbani kwangu lugha ndiyo hii. Angetaka nyengine angekaa baraza nyengine. Na wewe mwenye diploma, ulikuwa wapi?"

Nikaaga, nikaenda zangu. Wazee hawajibiwi.

Sasa sikilizeni yaliyotokea mwaka ule, kwani darasa la walimu lilikuwa nusu ya safari. Sheikh Nasor alimuuliza Tobin sabla, mbele ya watu, anaamini nini. Swali la heshima tu, kama mtu kuulizwa kabila lake. Tobin akajibu, nami nikatia Kiarabu kwa ufundi wangu wote: Mungu ni mmoja, hana mshirika, hakuzaa, na Isa ni mwanaadamu aliyeletwa kufundisha watu. Sheikh Nasor akaweka kikombe chini.

"Huyu ni Mwislamu," akasema. "Hajaambiwa tu."

Jioni ile ile mtaa mzima ukajua. Akachaguliwa jina: Abdulwahid. Ikapangwa Alkhamisi. Mbuzi akachinjwa siku moja kabla, akapakwa bizari, akafungwa makuti, akafukiwa shimoni kwenye makaa kama shuwa ya Idi, na nyama iliyoingia shimo lile haifukuliwi kabla ya wakati wake hata sultani akija. Akatafutiwa na mke. Wengine wakamtaja Bi Shinuna. "Kumpikia nampikia," akasema. "Kuolewa naye ni kazi nyengine, na miguu yangu inauma." Hakuna aliyemuuliza Tobin. Mtu haulizwi jambo ambalo ameshalikubali mwenyewe kwa kinywa chake.

Na mimi? Mimi ni Mwislamu, na kuslimu kwa mtu ni furaha. Lakini nilimjua yule mtu. Nilijua kuwa shimo limeshafunikwa na yeye bado anadhani kinachopikwa ni chakula cha wageni.

Upande wa pili alikuwepo Bwana Seif, mwalimu mwenzangu, aliyerudi kutoka Bujumbura. Cheti chake kilikuwa cha kozi ya miezi, sikitii chumvi. Alilitaka darasa la walimu liwe lake, na alikuwa anajua Kifaransa, lugha isiyohitajiwa na mtu yeyote Ibra. Yeye alisikia Kiingereza vya kutosha kuijua ile kalima niliyoichuja, padri. Akapanda gari mpaka Maskati, akamwambia mkaguzi wa wizara kuwa Ibra kuna padri anayewafundisha vijana wa Kiislamu, na mkalimani wake anamfichia.

Basi mtaa ukagawanyika. Kundi moja likisema Tobin ni padri, aondolewe kabla hajaharibu watu. Kundi la pili likisema ni Mwislamu, apewe kanzu. Makundi yale hayakupatana kwa lolote ila moja: kwamba mwenyewe Tobin hajui yeye ni nani. Na mkaguzi akatuma habari kuwa atafika Alkhamisi. Akiona ni padri anayehubiri, Tobin atapanda gari siku hiyo hiyo, darasa litafungwa, na wale vijana wa Ibra watarudi kuwa mabawabu na madereva, kwani nani mwengine angewafundisha? Seif, kwa Kifaransa?

Asubuhi ya Alkhamisi nilimwendea Tobin nikamwambia kila kitu. Mbuzi, jina, mke, Seif, mkaguzi. Akavua miwani akaifuta muda mrefu.

"Yote haya kwa sababu nilisema Mungu ni mmoja?"

"Na hapa hiyo ndiyo sentensi kubwa kuliko zote. Sasa sikiliza. Wakikuuliza, itika tu. Nia anaijua Mwenyezi Mungu. Kazi yako itasalimika, vijana watamaliza."

"Salum, ungekuwa wewe, mahali pangu, kwetu, wakakuwekea meza na jina jipya, ungeitika?"

"Mimi nisingefika hapo," nikamwambia. "Mimi nina diploma."

"Sikuuliza hilo," akasema, kisha akanyamaza. Akanifanyia ile ile ya darasani. Kimya kikakaa baina yetu mpaka kikaniuma mimi.

"Nisingeitika," nikasema.

"Basi twende."

Sabla ilijaa mpaka viatu vikakosa pa kuvuliwa. Mkaguzi alikaa pembeni ya Sheikh Nasor, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Seif kakaa karibu naye. Harufu ya shuwa ilikuwa imeshaingia dirishani, na watu wengine, nasema kweli, walikuwa wanasikiliza kwa pua.

Mkaguzi akauliza, "Mwalimu huyu ni nani katika dini?"

Nikamfasiria Tobin, nikafungua tena kinywa nimjibie kwa kuchuja. Tobin akanigusa mkono. Akasema mwenyewe, kwa Kiswahili cha Bi Shinuna, polepole:

"Mimi padri. Nilikuwa padri, ningali padri. Mungu ni mmoja, hilo nalisema kwetu na nalisema hapa. Nimekuja kufundisha watu kufundisha. Sikuja kumbadilisha mtu. Na nyinyi, nakuombeni radhi, msinibadilishe mimi."

Nusu ya sabla ikaganda. Nusu ya pili ikauliza, "Kasema nini? Kasema nini?" Na hapo wakalimani wakawa wengi kuliko wasikilizaji. Seif akasimama wa kwanza, akamgeukia Sheikh kwa Kiarabu: "Amesema yeye ni padri na hataki kuongolewa."

"Hakusema hivyo," nikasema.

"Kasema padri, sikusema uongo. Au diploma yako haina neno hilo, Bwana Salum? Tangu mwaka jana tunalingoja."

Watu wakacheka. Nikasimama. Na safari ile, wanangu, sikuchuja. Nilitia Kiarabu neno kwa neno, padri nikaliweka mbele likaonekana, na ile ya mwisho, msinibadilishe mimi, nikaisema mara mbili, wa nyuma nao wasikie. Kisha nikakaa, nikasubiri kufukuzwa pamoja naye.

Mkaguzi akatoa kalamu moja.

"Subiri," Sheikh Nasor akamwambia. Akatugeukia sote. "Tumempa jina. Tumempa mbuzi. Tumempa mke, ingawa mke mwenyewe miguu inamuuma. Na kazi yake ingekuwa salama. Alichotakiwa ni kuitika tu. Mtu aliyekuja kutuibia watoto wetu angeingia kwa mlango huo, tungemshangilia na tungemwamini kwa kila kitu. Huyu amesimama mlangoni akasema hapana, na harufu ya nyama anaisikia." Akamtazama Seif. "Mwongo angekula kwanza."

Seif akasema, "Lakini Sheikh, ni padri."

"Nimesikia. Nimeambiwa na yeye, hukuniambia wewe." Kisha akawaita wale vijana wa darasa, waliosimama ukutani. "Amekuhubirieni huyu?"

Mkubwa wao, Hamed, mtoto wa fundi Mbarak, akajibu: "Hatuhubirii, Sheikh. Haongei. Anauliza halafu ananyamaza, mpaka sisi ndio tunaona haya tunasema. Padri gani huyo?"

Sabla nzima ikacheka, hata mkaguzi. "Sasa mimi niandike nini?" akauliza.

"Andika kwamba ni mgeni wetu, anafundisha, na amekula kwetu. Haya, fukueni nyama."

Tukala. Nimekula shuwa nyingi katika maisha yangu, Nizwa na Sur na kwa mawaziri, lakini ile ilikuwa na ladha ya mtu aliyenusurika. Mkaguzi alikula sana, akasahau kalamu yake moja. Seif alikula zaidi yake, na kabla ya magharibi alikuwa akimweleza kila mtu jinsi yeye na Sheikh walivyomwokoa Mmarekani. Wiki ile ile akaanza kuchovya chaki yake majini.

Vijana walimaliza mwaka. Hamed akaja kuwa mudiri wa skuli mtaani kwao, na mkwe wa baba yake akawa mwalimu chini yake, basi mjue wakwe wakitulia nao husoma. Mimi nikapanda cheo, nikapelekwa Sur, kisha Nizwa, kama ilivyonistahiki. Kila nilipokwenda niliwafundisha walimu kungoja, na walionisifu kwa ajili hiyo niliwaachia, kwani si kila mahali pa kuanza kisa cha padri. Nyinyi nimekusimulieni kwa sababu mna muda, na kwa sababu naona mnajibu maswali yenu wenyewe.

Siku mkataba wa Tobin ulipokwisha, wakati wa mavuno, gari ilimngoja mbele ya sabla. Bi Shinuna akamfungia mandazi ya kufika nayo Amerika. Sheikh Nasor akatoka mwenyewe, akitembea kwa fimbo, akaniambia, "Mwambie kila Ijumaa tutamwombea aongoke."

Nikamwambia. Tobin akamshika Sheikh mkono. "Mwambie nashukuru. Na mimi nitakuombeeni nyinyi."

Neno lile lilikuwa zito, na zamani ningelichuja. Nikalipeleka kama lilivyo. Sheikh akainua nyusi. "Muulize, atatuombea kwa nani?"

"Kwa huyo huyo," Tobin akajibu kwa Kiswahili. "Kwani yuko mwengine?"

Nikamfasiria Sheikh. Mzee akatafuna jibu lile. Akatazama juu ya mapaa, ambako tende za mtaa mzima zilikuwa zimetandazwa kwenye mikeka, bado mbichi kwa asali yake.

"Basi mwambie," akasema, "asituombee mvua mpaka tende zikauke."